Mama Aliyekalia Njia ya Maji

Watu wanaojenga nyumba kwa mara ya kwanza huniuliza mambo ya paa, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa paa. Wanataka kujua nyasi zikatwe mwezi gani, fito zifungwe kwa nini, mteremko uwe mkali kiasi gani. Ninawajibu, kisha ninawauliza kama wamekwisha kunyeshewa kwenye kiwanja chao. Hapo wananitazama kwa huruma. Basi ninaanza kuwaeleza habari za Nyirakamana, na wengi huaga kabla sijamaliza, maana wana haraka ya kujenga.

Jina langu ni Manassé. Tangu mwaka 1949 hadi 1958 niliezeka nyumba nyingi za Mushaki na vilima vya jirani, kandokando ya barabara itokayo Sake kwenda Masisi. Mimi nilisimamisha nguzo, nikafunga fito, nikaezeka. Wanawake walikandika kuta kwa udongo. Ndivyo kazi ilivyogawanywa kwetu, na sikumbuki mtu aliyeuliza sababu. Kati ya wanawake waliokandika, Nyirakamana ndiye aliyeitwa kabla ya wote, na ndiye aliyelalamikiwa kuliko wote.

Alikuwa mfupi, mwenye nyayo pana na sauti ya chini. Alizaliwa katika jamaa ya wakulima waliokaa Masisi tangu zamani, akaolewa na mkulima mwenzao, Mbonigaba. Mwaka 1944 Mbonigaba alichukuliwa kufanya kazi ya barabara ya Leta, yaani serikali, kule Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, naye mke akamfuata kwa miguu akiwa na sufuria kichwani. Walipofika waliona kiwanja tambarare, safi, karibu na maji, na hakikuwa na mtu. Wakafurahi sana. Hawakujiuliza kwa nini watu wa pale, ambao hawakuwa wajinga, walijibana huko juu kwenye mawe na kuacha mahali pazuri namna ile.

Walijenga kwa fito na udongo, wakaezeka kwa majani mapana ya msituni. Nyumba ilisimama misimu miwili ya mvua. Msimu wa tatu, asubuhi moja, Mbonigaba alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta akila ndizi ya kuchoma kabla ya kwenda kazini. Ukuta ulikuwa umeloa kwa chini bila wao kujua. Ulimwangukia na ndizi yake mkononi, ukamvunja mguu mahali pawili. Kapita, msimamizi wa barabara, alikuja, akautazama mguu, akafuta jina lake kwenye daftari siku ileile.

Wakaanza safari ya kurudi. Mume alitembea kwa magongo mawili, na walipofika Kibua mguu ukavimba hata akashindwa kuendelea. Mjane mmoja mkulima, Mama Constance, aliwapa pembe moja ya nyumba yake, wakakaa miezi minne. Ni hapo Nyirakamana aliona jambo lililomfanya awe mtu niliyemjua. Kijana wa Mama Constance alitaka kujenga. Alipiga vigingi vinne kwenye kiwanja, kisha akakaa bure siku sita. Mvua ilipokuja, mama na wanawe wote walitoka nje wakaenda kusimama katikati ya vigingi, wakalowa mpaka mifupa, macho yao yakiwa chini.

“Munaangalia nini, Mama?” aliuliza Nyirakamana.

“Tunaangalia mwenye kiwanja.”

“Mwenye kiwanja njo nani?”

“Mayi,” alisema Mama Constance, akionyesha maji miguuni pake. “Iko na njia yake tangu mbele ya weye kuzaliwa. Ukijenga mu njia yake itapita mu nyumba, na haitapiga hodi.”

Kijana yule alihamisha vigingi vyake mara mbili kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Nyirakamana aliniambia kwamba siku ile alikaa mvuani akalia kwa hasira, si kwa ajili ya mguu wa mumewe tu, bali kwa sababu kitu kilichouvunja kilikuwa kinaonekana kwa macho, na wao walikuwa na macho.

Walirudi Mushaki mwaka 1948. Mbonigaba hakuweza tena kulima mteremko. Alisuka vikapu akiwa ameketi. Mke alilima, na katika miezi ya kiangazi akakandika nyumba za watu kwa maharagwe, kwa maziwa, pengine kwa kipande cha nguo. Ufundi wake wa udongo haukuwa na mpinzani. Alichukua donge, akalisokota likawa refu na jembamba kama kidole, akalining’iniza juu ya mkono. Likikatika mara moja, udongo una mchanga mwingi, akautupa. Likikaa, aliliacha juani hadi kesho yake; likipasuka, aliongeza nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng’ombe. Kisha aliukanyaga, akaulaza siku tatu, akaukanyaga tena. Wenye nyumba waliona siku tatu hizo ni uvivu. Hawakusema hivyo mbele yake.

Lakini kilichowachosha watu ni sharti lake lile la Kibua. Hakuweka kiganja cha udongo kwenye ukuta wa mtu kabla ya kukaa kwenye kiwanja chake siku ya mvua. Alikuja na kigoda chake, akaketi katikati ya mvua, akaangalia. Watu walimwita Mama Mvula na kumcheka. Mimi pia nilicheka, tena nilicheka vizuri, kwa sababu nilikuwa chini ya paa.

Fundi wa nguo mmoja, Hakorimana, alitaka kuingia nyumbani mwake kabla ya Noeli. Nyirakamana alimwambia angoje mvua. Hakorimana akasema yeye ni mtu wa cherehani, hana muda wa kungoja mawingu, akaita wanawake wengine wakamkandikia kwa siku nne. Pasaka ilipofika, ukuta wa nyuma ulikuwa umetoka tumbo, na cherehani imesogezwa sebuleni ikafunikwa kwa mkeka. Akaenda kumwita Nyirakamana. Alikuja, akabomoa ukuta, akachimba mfereji nyuma ya nyumba, akajenga msingi wa mawe mpaka magotini, akakandika upya. Hakumsema hata kidogo. Nilitamani amseme, maana Hakorimana alistahili.

Sasa nifike kwa binti yake Nyirakamana, maana hapo ndipo habari ilipo.

Mukantabana, mtoto wake wa pekee, aliolewa mwaka 1954 na Nzabonimpa, kijana wa jamaa ya wafugaji waliokaa juu ya Mushaki na kuuza maziwa barabarani. Alikuwa kijana mwema, mwenye kazi, mwenye kiburi cha kawaida cha watu walio na ng’ombe. Mwaka uliofuata mke akashika mimba, na Nzabonimpa akataka mtoto azaliwe katika nyumba yake mwenyewe, si kwa baba yake. Akanichagua mimi nijenge. Akaniahidi ndama jike. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemiliki ng’ombe hata mmoja, na nilianza kumpa yule ndama majina kabla hajazaliwa.

Mfugaji wa kwetu hupenda kukaa karibu na moto wake na kuona ng’ombe kupitia mlangoni. Nyumba ya baba yake Nzabonimpa ilikuwa juu kabisa ya mgongo wa kilima, na zizi lilikuwa mbele ya mlango, sawasawa na nyumba, kwa hiyo hapakuwa na shida. Nzabonimpa alikuwa amepewa mteremko. Akafanya kama baba yake: akachagua mahali palipobonyea kidogo, tambarare, pa kuvutia, zizi akaliweka juu, nyumba chini yake, mlango ukatazama juu kwenye zizi. Ukisimama pale siku ya jua, ungesema mwenyewe kwamba ni pazuri.

Nilipochimba shimo la nguzo ya kona nilikuta udongo mweusi laini, na ndani yake kokoto za mviringo, zilizosuguliwa. Kokoto za namna hiyo huletwa na maji, hakuna kingine kinachozileta. Nilizitazama. Nikaweka nguzo, nikazifukia. Nilijiambia kwamba kazi yangu mimi iko juu, kwenye paa.

Nyirakamana alipita barabarani, akaona nguzo ziliposimama, akarudi nyumbani mbiombio. Alijua mara moja. Taabu ni kwamba hakuweza kumwambia mwenye nyumba. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawatajani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja wao huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Huo si uadui. Ni heshima, na wabatizwa waliishika sawasawa na wasiobatizwa. Mwanamke aliyekuwa amewaambia watu wote wa Mushaki mahali pa kujenga, hakuwa na njia ya kumwambia mtu mmoja tu ambaye ndani ya nyumba yake angelala mwana wa mwanamke huyo mwenyewe.

Alimtuma binti. Mukantabana alimwambia mumewe jioni wakikamua, naye akajibu, “Mama yako anajua udongo. Miye ninajua ngombe. Nitaonaka ngombe zangu wapi, nikigeuza mulango?” Basi Nyirakamana akamtuma mumewe, Mbonigaba. Mzee alipanda kilima na mguu wake mbovu, akapokewa kwa heshima, akapewa maziwa, akakaa mpaka mchana, akarudi. Mke akamuuliza alichosema. Alikuwa amesema kwamba maziwa ni mazuri. Baba aliyepokea ng’ombe wa mahari haendi kwa mkwe kumsahihishia nyumba, na Mbonigaba alikuwa mtu wa adabu hadi kupita kiasi.

Kisha Nyirakamana akaja kwangu. Nilikuwa ninachonga mlango.

“Manassé, ile fasi ya nyumba umeiona?”

“Nimeiona, Mama.”

“Iko namna gani?”

“Iko sawa tu,” nilisema. “Tutachimba mufereji.”

Aligeuka akaondoka. Niliona haya, lakini haya yangu haikunizuia kumaliza mlango.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilianguka siku ya Jumatatu. Nguzo zilikuwa zimesimama, fito zimefungwa, paa bado. Nilipofika asubuhi, Nyirakamana alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya nyumba isiyo na kuta, amejifunika gunia kichwani, anasuka mkeka. Nikamsalimu. Akaitika. Nzabonimpa naye akatokea juu kwenye zizi, akashuka hatua tano, akamwona. Akageuka ghafla, akarudi alikotoka.

Ndipo nilipoelewa alichokifanya yule mama. Maadamu yeye yupo pale, mkwe hawezi kukaribia. Hawezi kumfukuza, hawezi kumgombeza, hawezi hata kusimama mbali na kupiga kelele. Heshima ileile iliyomfunga yeye mdomo ilimfunga kijana miguu. Nyirakamana alikaa mpaka jua lilipozama, akaenda nyumbani. Jumanne alfajiri alikuwa pale tena. Jumatano vilevile. Wasaidizi wangu hawakutaka kufanya kazi juu ya kichwa cha mama mkwe wa mtu, wakatoweka. Watu waliopita kwenda sokoni walisimama barabarani kuangalia, wengine wakaketi kabisa.

Nzabonimpa aliniita nyuma ya zizi. Alikuwa amekasirika hadi midomo ilikuwa mikavu.

“Papa Manassé, uende umuambie yule mama ya bibi yangu aniachie nyumba. Bantu banachekaka.”

Nikashuka. “Mama, anasema umuachie nyumba yake.”

“Umuambie siko na maneno na yee,” alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka. “Niko nangoya mayi. Ikipita fasi ingine, nitarudia kwangu na sitasema kitu tena.”

Nikapanda. “Anangoya mayi.”

“Mayi gani? Muvula imenyesha siku mbili, fasi iko kavu!”

Nikashuka. “Anasema fasi iko kavu.”

“Hii njo manyunyu. Umuambie aangalie kule juu, ku Masisi. Ikinyesha kule, njo tutajua.”

Nilipanda na kushuka mara sita siku ile, na nilipata njaa. Hakuna kati yao aliyenishukuru. Kila nilipopita kwenye nguzo ya kona nilikumbuka kokoto, na kila mara nikaona ni heri nibebe maneno ya wengine kuliko kutoa la kwangu.

Alhamisi, baada ya saa sita mchana, mbingu ziliziba upande wa juu. Mvua ilinyesha kule kwanza, tukaisikia kabla haijatufikia. Ilipofika ilikuwa na mawe ya barafu. Nilikimbilia chini ya mti. Nyirakamana hakuondoka kwenye kigoda. Nzabonimpa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa zizi, mgongo umemwelekea mama mkwe kama adabu ilivyotaka, gunia kichwani.

Maji yalikuja taratibu kwanza, kamba nyembamba ya rangi ya chai ikipita katikati ya zizi. Kisha ikawa pana. Ikachukua mavi, ikachukua majani, ikaingia moja kwa moja mahali nilipopima mlango, ikapita pale ambapo kitanda kingewekwa, ikatoka kwa nyuma. Ilikuwa inajua njia. Ndama walilia. Nguzo mbili zikalegea. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu ya yule mama, yakapanda hadi kwenye goti, na mkeka wake ukachukuliwa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na sasa nadhani hakuweza kusimama hata kama angetaka, maana baridi ilikuwa imemshika miguu.

Nilimwita Nzabonimpa kwa jina lake. Nilisema, “Angalia nyuma!”

Akageuka. Alimwangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipoposa. Mtu aliyezaliwa kwingine hawezi kujua ni nini kilikuwa kinavunjika pale, na siwezi kumweleza vizuri. Kisha akatupa gunia, akaingia ndani ya maji, akainama mbele yake, akambeba mgongoni.

Mimi nilishika kigoda nikawafuata. Ndiyo sababu nilisikia yote.

Kwa kuwa mwiko ulikuwa umekwisha kuvunjika, Nyirakamana hakuona haja ya kunyamaza. Alianza kusema wakiwa bado ndani ya maji, mdomo karibu na sikio la mkwe wake, meno yakigongana, akaendelea kilima chote.

“Nyumba uipandishe kule ku miti ya musave, ku mugongo, fasi mayi inagawanyikaka. Zizi ikuwe chini ya nyumba, si juu. Mulango uangalie ku barabara. Unataka kuona ngombe? Toboa dirisha. Unasikia? Dirisha! Mufereji uchimbe mbele ya kuweka nguzo, si kisha. Ikuwe hatua mbili toka ku ukuta, iteremuke mukono hii na mukono ile. Nguzo toa maganda yote, choma ile upande ya chini ku moto mpaka inakuwa nyeusi, njo mchwa haitakula. Weka mawe mpaka ku goti. Angalia, kuna utelezi. Paa ishuke, ipite ukuta mukono muzima. Udongo usitwae hii nyeusi, twaa ile nyekundu ya kule ku barabara. Mavi ya ngombe uko nayo mingi, nimeiona leo. Na usiingize mutoto mu nyumba yenye ukuta mubichi. Ungoye mwezi muzima. Mutoto ya ukuta mubichi anakohoaka mpaka anakufa.”

Nzabonimpa aliteleza mara moja, akapiga goti, akainuka. Mbonigaba alikuwa mlangoni pake. Alipomwona mkewe juu ya mgongo wa mkwe, aliangusha kikapu akageuka kutazama ukuta. Kijana akamshusha mama polepole kwenye baraza. Akaugeuza uso wake upande.

“Nimesikia, Mama,” alisema, akarudi mvuani.

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kumwambia. Tangu siku ile walirudi kwenye adabu yao, mmoja akija barabarani mwingine akiingia kwenye mahindi. Wazee walisema jambo lile ni lazima lioshwe, wakalikalia kikao, wakanywa pombe ya mtama ya Nzabonimpa siku nzima, wakaona limetakata. Nyirakamana alilala na homa wiki mbili.

Nyumba tuliijenga upya kwenye miti ya musave. Nzabonimpa aling’oa nguzo mwenyewe, akazichoma ncha, akabeba mawe. Kila nilipotaka kuharakisha alinikumbusha maneno aliyoambiwa, yote kwa mpangilio, bila kusahau dirisha. Nyirakamana alipopona alikuja kukandika siku ambazo mkwe alikuwa malishoni, akaondoka kabla hajarudi. Kuta zilikauka mwezi mzima na siku nne. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Mukantabana alijifungua humo mtoto wa kike, wakamwita Valérie. Mimi nilipewa ndama wangu.

Mwezi wa nne mwaka 1956 mvua kubwa ilirudi. Nilikuwa nimekwenda kwa Nzabonimpa kurekebisha mgongo wa paa, mvua ikanikuta huko, tukasimama wote watatu kwenye baraza, Mukantabana akiwa amembeba mtoto. Ndani palikuwa pakavu. Kule chini, mahali pa zamani, maji yalipita kwa nguvu kuliko ile siku ya Septemba. Yalileta jiwe moja kubwa kutoka juu. Tuliliona likibingirika, likapita mahali pa mlango, likasimama mahali pa kitanda. Mukantabana alimfunika mtoto kichwa kwa kanga, ingawa hakukuwa na tone lililomfikia. Alilia, akasema waziwazi kwamba anamlilia mama yake aliyekaa pale peke yake siku nne.

Nzabonimpa alikuwa anatazama lile jiwe. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama anavyouliza mtu habari za safari:

“Papa Manassé, weye njo ulichimba mashimo ya nguzo. Ulijua?”

Ningeweza kusema hapana.

“Nilijua,” nilisema. “Kulikuwa kokoto.”

Alilitazama tena lile jiwe kule chini.

“Yule mama, walimukataza kusema na miye,” alisema. “Weye, nani alikukataza?”

Mukantabana aliingia ndani na mtoto. Mimi nilibaki barazani na mumewe, na maji yalikuwa bado yanapita.